Ua la Mcheri wa Mama Květa

Samaki wa Krismasi alikuwa amejikunja ndani ya ndoo ya kudekia, akinitazama kwa jicho moja. Matawi yangu ya mcheri yalikuwa yamelala mahali pake, katika beseni kubwa la kuogea, alimofugwa hai akingoja mkesha. Radim, mdogo wa mume wangu, alisimama mlangoni na taulo begani.

"Shemeji, siku hizi tunaogesha kuni?"

"Wewe utaoga kesho. Hunuki sana."

Kuni, ndivyo alivyoyaita tangu mwanzo. Mcheri ule mama mkwe wangu, Květa, aliupanda mwaka alioolewa katika nyumba ile. Kwa miaka miwili ulikuwa haujazaa, na Radim alitaka kujenga gereji mahali pake. Msumeno alishaunoa. Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba siku ya Mtakatifu Barbara, mwanzoni mwa Desemba, matawi yakatwe na kuwekwa ndani kama kila mwaka. Yakichanua mkesha wa Krismasi, mti unabaki. Yasipochanua, Radim aukate.

Kisha akanigeukia. "Utayatunza wewe."

Miaka yote niliyoishi pale, sikuwahi kukabidhiwa hata chungu kimoja cha maua cha dirishani.

Mwaka ule jalidi ilikawia, na mcheri usioonja baridi kali hauamki. Nikapanda ngazi, nikachagua matawi yenye matumba manene ya mviringo, maana yaliyochongoka hutoa majani tu. Nikayalaza kwenye friza usiku kucha, juu ya njegere. Asubuhi nikayaponda ncha zilizokatwa ili zinywe maji, nikayatia majini mbali na jiko. Maji yake niliyabadilisha kama nepi za mtoto mchanga, bila kungoja yanuke.

Hata hivyo, siku moja kabla ya mkesha matumba yalikuwa bado yamefumba kama ngumi. Ndipo nilipomhamisha samaki, nikajaza beseni maji ya uvuguvugu, nikayalaza humo.

Jioni ya mkesha tulikaa mezani, matawi yako katikati, samaki na saladi ya viazi vikingoja. Mama alichukua uma wa kupakulia, akaurudisha chini. Katika tawi la juu kabisa, ua lilikuwa limefunguka: jeupe, dogo kama ukucha wa mtoto.

"Moja tu," Radim alisema.

"Sikusema mangapi," Mama alijibu.

Akapakua kipande cha kwanza, kile ambacho siku zote kilikuwa cha mwanawe mkubwa, akakiweka kwenye sahani yangu. Mume wangu alisogeza kiti chake kidogo ili mkono wa mama upite.

Gereji Radim aliijenga upande wa barabara, na imepinda kidogo. Vyungu vya dirishani ninavitunza mimi sasa. Na kila siku ya Barbara, yeye ndiye anayeshika ngazi.

Mimi ndiye ninayepanda.