Fahali wa Mlangoni kwa Guruji Ojha

Mji mzima wa Banaras, huko India, hakuna aliyeyajua maneno ya Kiingereza ya kumwita mtu asiyesogea kama Guruji Ramashray Ojha. Ghorofani kwake alifundisha vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya kazi za serikali, na somo lililompa jina lilikuwa hilohilo: maelezo marefu, jibu neno moja.

"Asiyebadili msimamo?" anauliza.

"Adamant!" darasa linapiga kelele.

"Asiyebadili hata ukimlilia?"

"Obdurate!"

Waingereza wamejaliwa, aliwaambia, wana neno kwa kila aina ya kichwa kigumu, ndiyo maana walitutawala. Hakuongeza kwamba hata kuondoka kwenyewe walibembelezwa mpaka basi.

Maneno yote hayo nyumbani aliyamwagia binti yake, Sumedha. Sumedha alikuwa amepata kazi mji wa mbali wa Pune, kwenye maabara ya kupima maji. Treni ilikuwa alasiri ya leo, na asiporipoti keshokutwa nafasi anapewa mwingine. Baba kasema haendi mtu. Basi wiki nzima ikawa asubuhi stubborn, jioni obdurate. Mwenyewe, ambaye tangu aoe hajabadili hata ubavu wa kulalia, alijichagulia neno lenye heshima zake: steadfast, yaani imara. Alikuwa ameliandika ukutani kwa rangi nyekundu.

Tena siku hiyohiyo ya treni ndiyo aliyowaalika watu wa mji wa Ballia waje kumwangalia binti wamposee kijana wao. Makusudi mazima!

"Leo usikanyage mlangoni," alimwagiza mapema. "Wageni wasije wakakukuta mikono imejaa mate ya ng'ombe. Vaa sari, kaa juu, ungoje kuitwa ulete chai."

"Na chapati ya Nandu, Baba?"

"Atakula kesho. Yaani fahali naye ana ratiba?"

Anayo, tena kuliko Guruji. Nandu alikuwa fahali wa mungu Shiva, hana mwenyewe wala wa kumchapa fimbo. Kila asubuhi chapati ya kwanza ya jikoni ilikuwa yake, akipewa na Sumedha mkononi, kisha anajiendea zake sokoni kunyang'anya watu kabichi. Asubuhi ile alikuja, akangoja, mkono hakuuona. Akajilaza palepale mbele ya mlango, na kichochoro chenyewe upana wake ni fahali mmoja.

Wageni wakafika: Mzee Parmanand Dube, mkewe, na kijana aliyejipaka mafuta kichwani mpaka yakamshuka shingoni. Wakasimama upande wa pili wa Nandu.

"Mrukeni tu," akasema muuza tambuu wa pembeni.

"Nimruke fahali wa Shiva, siku ya kuposa? Una kichaa wewe?"

"Basi zungukeni mlango wa nyuma."

"Kule kwenye mtaro wa vyoo? Sisi upande wa bwana harusi tupitie chooni?" Mzee Dube akakunja mikono. "Hapa sitoki mpaka nipite hapa."

Guruji akashuka mbio. Alimwamuru fahali kwa Kiingereza, akamwamuru kwa Kihindi, mwisho akamwomba kwa majina yote matakatifu anayoyajua. Nandu akacheua. Juu madirishani wanafunzi wakaanza kubishana.

"Huyo obstinate!"

"Obstinate wapi? Obdurate kabisa huyo!"

"Nyamazeni, mbwa nyie!" Guruji akafoka, jasho linamtiririka.

"Ojhaji," akasema muuza tambuu, tambuu imejaa shavuni, "si umwite binti? Huyu anangoja chapati yake."

Guruji akainua uso. "Sumedha! Shuka na chapati!"

Sumedha alikuwa dirishani, chapati ameifunga kwenye pindo la sari.

"Si ulisema nisikanyage mlangoni, Baba?"

"Ohooo!" wakaitikia vijana.

"Sasa nasema shuka!"

"Nashuka. Ila kwanza uniambie, mbele ya watu hawa: nenda. Neno moja tu, Baba. Si ndilo somo lako?"

Baba angesema, wallahi Sumedha angeshuka akamgusa miguu kwa heshima, na chai angewaandalia hao wa Ballia kwa mikono miwili. Alimpenda baba yake, hilo ndilo lililokuwa likimfunga. Guruji akafungua kinywa. Akawatazama wanafunzi, akamtazama Dube, akakifunga.

"Sijawahi kubadili kauli," akasema.

"Binti anajibizana na babaye dirishani!" Mzee Dube akamshika mwanawe mkono. "Twendeni. Nyumba gani hii!"

Kumbe anajua kutoka. Wakaondoka, vitamu vya jalebi vikabaki sahanini.

Sumedha alilia kidogo, maana iliuma. Kisha akanawa uso, akachukua begi. Jikoni mama yake, Kusumlata, akamsokomezea chapati na achari kwenye mfuko wa pembeni.

"Ukifika piga simu. Na ule, usijinyime."

Chini akainama akamgusa baba miguu. Mkono wa baraka haukumshukia kichwani. Alingoja kidogo, akainuka, akamnyooshea Nandu chapati yake. Dume lile likasimama, likala, likageuka polepole, wakashuka kichochoroni wote wawili mpaka barabara kubwa. Pale mmoja akaelekea kwenye kabichi, mwingine akapanda riksha ya stesheni.

Guruji alibaki kizingitini kifua mbele, akimtupia Sumedha mgongoni kila neno alilonalo, moja baada ya jingine, hadi yakamwishia. Wanafunzi wakaondoka madirishani bila kutazamana.

Kusumlata akaja na ufagio. "Sogea, nifagie."

Guruji akazidi kutoa kifua.

"Baba Sumedha, fahali kaondoka, wageni wameondoka, mtoto kaondoka. Sogea basi."

Alipoona hasogei, akafagia akimzunguka.