Mtawala Aliyefungua Lango

Mwaka wa pili baada ya vita, Bernadina alikuwa akiuza uji na maandazi nje ya kambi ya wachimba dhahabu kule Geita. Mteja wake mmoja, Athanas, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, huko Burma. Alipolazwa hospitalini huko kwa jeraha la paja, kwenye kitanda cha pili alikuwapo askari Mchina, na kwa Kiingereza cha kuokoteza wakapeana hadithi mpaka wakapona.

Asubuhi moja Athanas akamsimulia Bernadina hadithi mojawapo ya Mchina huyo, habari za Gao, mbabe wa vita wa Uchina ya kale. Mfalme mkuu alikuwa amebaki jina tu, na kila mwenye jeshi alijikatia nchi yake. Gao alirithi kwa baba yake jimbo lililozungukwa na milima. Waliokimbia njaa kwingine aliwapokea, akawapa mashamba. Kisha akamwita jirani mwenye jeshi amsaidie kulinda mpaka. Jirani akamgeuka, akauzingira mji.

"Wakafa njaa?" Bernadina aliuliza, upawa mkononi.

"Nafaka ilikuwapo ya kutosha. Na askari walikuwa tayari kupigana hadi mtu wa mwisho. Gao akafungua lango, akajisalimisha."

"Kwa nini, na chakula kipo?"

"Alipanda ukutani akawaona wake za askari wakichota maji kimya. Akasema, hawa hawajaniuliza kwa nini waume zao wafe, na wakiniuliza sina la kuwajibu."

"Wakamuua?"

"Walimpeleka mbali, akafa mzee. Mchina alisema kwao wengine humwita mwoga, wengine mwema, na ubishi hauishi."

Uji ukaungua. Bernadina alikuwa akimfikiria babu yake mzaa mama, mtemi mdogo wa Kisumbwa, aliyewafungulia Wajerumani lango la boma lake. Nyumbani habari hiyo ilipotajwa, mama yake alikuwa akigeuza mazungumzo. Sasa mama alikwisha kufa.

Jumapili akapanda lori la pamba hadi Ushirombo, kwa mama yake mkubwa, Melania.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza. Babu alipofungua lango, bunduki zilikuwapo?"

Melania aliendelea kupepeta mtama. "Zilikuwapo. Na chakula tele. Nilikuwa msichana, niliona kwa macho yangu."

"Alisema nini?"

Ungo ukatulia. "Hakusema. Bibi yako alikuwa mgonjwa, na mama yako mchanga. Babu akamfunga mtoto mgongoni kwa kaniki, akatoka hivyo mbele ya askari wale. Mtemi, na mtoto mgongoni. Hicho ndicho watu walichomcheka miaka yote, mwanangu. Lango hawakulisema."

Bernadina akasogeza kigoda karibu. Safari nzima alikuwa amejiandaa kusikia habari za woga, au za ushujaa.

"Na mama alilia?"

"Alikuwa amelala," Melania akasema. "Mzungu mmoja alimfunua uso, akamtazama, akamfunika tena."