Wimbo Usiojua Kukoma

Chumba changu cha kulala ndicho kilichogeuzwa studio. Mjukuu wangu alisimama katikati yake, akapiga kofi moja, akasikiliza, akapiga jingine. "Bibi, hapa hapa," akasema. "Hiki hakina mwangwi." Nikadhani anakisifu, kumbe alikuwa anasema kimejaa mno. Kweli kimejaa. Lipo kabati la nguo, yapo magodoro ya wageni, mapazia mazito ya tangu nyumba inajengwa, na mablanketi ambayo nikiulizwa yalitoka wapi siwezi kujibu.

Akayasimamisha magodoro ukutani. Akatundika blanketi dirishani. Akaenda sebuleni kuchomoa waya wa friji, maana lilikuwa linanguruma, na saa ya ukutani akaishusha akaifunika kwa mito kwenye kochi, kama mtoto mchanga aliyesinzia. Mwisho akaenda kwa jirani yetu seremala kumwomba aiweke randa chini kwa muda. Seremala ni mtu mwema. Alisema atanywa chai yake, tukimaliza tumwambie.

Mjukuu huyu ni binti, kazi yake ni kutengeneza simu zilizoharibika, ana kibanda chake karibu na kituo cha basi, na katika bendi yetu yeye ndiye mpiga gitaa. Ngoma anapiga mwashi mmoja tunayemwita Zege, mtu mpana, mikono yake ukiisalimia unahisi umeshika tofali. Zeze ni la fundi cherehani, huyo tunamwita Sindano, na ukimwona utajua kwa nini. Mimi ni mwitikiaji, na wapigaji wananisaidia. Mwimbaji ni mdogo wangu, tumbo moja, ambaye kila mtu anamwita Bibi Mdogo hata wale wanaomzidi umri.

Studio ya kulipia tulishaiona. Mwenyewe alitukaribisha vizuri, akatusikiliza, akasema mwimbaji ni dhahabu, hawa wengine atawaweka kwenye kompyuta.

"Akituweka humo tutakaa wapi?" Zege akaninong'oneza.

Maana yake ilikuwa kwamba ngoma ya Zege ingepigwa na mashine, na zeze la Sindano pia. Tukashukuru, tukaondoka. Njiani mjukuu wangu akasema basi tutajirekodi wenyewe na kujisambaza wenyewe, simu kwa simu, na asiyetaka asisikilize.

Tungeweza kungoja, lakini mdogo wangu alikuwa na rovu shingoni. Lilianza dogo, yeye akawa analifunika kwa mtandio, hadi likaanza kumbana akimeza. Daktari alisema litolewe. Akasema pia, bila kuficha, kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo, na huenda Bibi Mdogo akaamka na sauti nyingine. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kulazwa. Siku tuliyokaa chumbani kwangu ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na sauti yenyewe ilikuwa imeshaanza kuchoka. Akiimba kidogo inatoka safi kama zamani, akiendelea inapasuka.

Wimbo tuliotaka kuunasa alituachia mama yetu. Aliutunga siku ninaolewa mimi, amesimama mlangoni na mikono ina unga. *Nenda mwanangu nenda, mlango sitaufunga.* Maneno nayajua, lakini zile kona zake, mahali sauti inapopanda halafu ikajifanya inaanguka, anazijua mdogo wangu peke yake. Mimi nikijaribu naanguka kweli.

Tukajipanga. Sindano akabanwa kati ya kabati na kitanda.

"Simama mbele, fundi," Zege akamwambia. "Ukisimama upande maiki haikuoni."

"Na wewe usipumue," Sindano akajibu. "Itadhani upepo umeanza."

Mjukuu akabonyeza mashine, akatikisa kichwa, tukaanza. Mdogo wangu akafumba macho. Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Nimeisikia tangu tunalala mkeka mmoja, na bado ilinisimamisha nywele. Tukaitikia, akapanda, tukaitikia, akajifanya anaanguka. Maneno yakaisha akayarudia, kama ilivyo desturi. Akayarudia tena. Nikamtazama Zege, amefumba macho. Sindano anamtazama Zege. Mjukuu anamtazama Sindano. Mdogo wangu akarudia mara nyingine, na safari hii pale juu ikapasuka, akakohoa, ngoma ikaendelea kidogo peke yake kama mtu anayeongea bila kujua simu imekatika.

Hapo ndipo tulipojigundua. Nyimbo zetu zimelelewa arusini, na arusini wimbo unamalizwa na watu. Bibi arusi akiinuka, umekwisha. Sahani zikianza kupita, umekwisha. Mvua ikinyesha, kila mtu na ngoma yake mbio. Tena tuna adabu zetu. Mpiga ngoma hamwachi mwimbaji katikati, ni sawa na kumwondolea mtu kiti anapokaa. Mwimbaji naye haiachi ngoma ikilia, ni kumdharau mpigaji. Zeze linafuata ngoma, gitaa linafuata zeze, waitikiaji tunafuata wote. Miaka yote hiyo tumepiga, tumesifiwa, tumealikwa tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kumaliza.

"Nitainua mkono," mjukuu akasema. "Mkiuona, mnaacha."

Akainua. Zege hakuuona, maana hajawahi kupiga ngoma macho wazi. Mara ya pili akamgusa begani, Zege akaruka na kusema neno ambalo haliwezi kusambazwa. Mara ya tatu tulikuwa tunakwenda vizuri sana, mdogo wangu ameipata sauti yake yote, na naapa tungefika mahali, ila seremala akaita kwa nguvu kutoka juu ya ukuta, "Jamani, mmemaliza? Chai imeisha."

Mdogo wangu akakaa kitandani, akanywa maji ya uvuguvugu. Alikunywa polepole, mkono shingoni. Wote tulikuwa tunapiga hesabu moja: amebakiza mara ngapi?

"Msijali," mjukuu akasema. "Ipo njia. Ile ya kwanza, kabla hajakohoa, ilikuwa nzuri. Nitaichukua hiyo, mwishoni nitaipunguza sauti taratibu mpaka ipotee. Nyimbo nyingi zinaishia hivyo." Akambandika Bibi Mdogo vile visikilizio masikioni, akamwonyesha.

Nilikuwa namtazama usoni. Mwanzo alitabasamu. Halafu nikaona tabasamu linakwenda pole pole, hadi likaisha. Akavua vile visikilizio.

"Futa."

"Bibi Mdogo, ni mfano tu, naweza kuipunguza haraka zaidi..."

"Nimesema futa, mama. Usinipunguze."

Akatoka. Zege akamwangalia mjukuu wangu, mjukuu akaniangalia mimi, machozi yanamlenga. Nikamwambia, hujakosea, kaa hapo.

Nilimkuta mdogo wangu uani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameufungua mtandio. Yeye hafungui mtandio mbele za watu. Nikavuta stuli nikakaa kando yake. Sikumsemesha. Mtu wa hasira ukimsemesha mapema anapata pa kuimwagia, na mimi nilitaka abaki nayo mpaka aione mwenyewe ni hasira au ni kitu kingine.

"Umeisikia, dada?" akasema mwishowe.

"Sijaisikia. Aliweka masikioni mwako."

"Naimba, halafu nakwenda. Naimba bado, mdomo upo wazi, lakini nakwenda, nakwenda, hata mimi mwenyewe sijisikii." Akapapasa rovu lake kwa vidole viwili. "Jumatatu wakinilaza nitakwenda vile vile. Sasa na nyumbani mnisindikize?"

Nilitaka kumwambia daktari ni mzuri, atapona, Mungu yupo. Yote hayo alishaambiwa na watu. Nikamshika mkono tu.

"Mimi siogopi sauti kuondoka," akasema. "Naogopa kidogo. Lakini imenifanyia kazi, ina haki ya kupumzika. Ninachokataa ni kuondolewa polepole kama mgeni aliyekaa sana. Toka nianze kuimba nangoja wengine wainuke ndipo ninyamaze. Hata mara moja sijawahi kunyamaza kwa sababu nimeamua."

"Basi amua."

"Na Zege je? Nimwache na ngoma mkononi?"

"Zege ni mtu mzima."

Akacheka kidogo puani. Akaufunga mtandio, akauangalia kwenye kioo cha dirisha kama umekaa sawa, tukarudi ndani.

"Nina mara moja," akawaambia. "Ikipita hiyo hamna nyingine. Nitaimba ninavyotaka, na nikitosheka nitasema basi. Nikisema basi, mnaacha wote."

Zege akajikuna kidevu. "Bibi Mdogo, mimi kukuacha wewe..."

"Huniachi. Mimi ndiye ninayewaacha. Sikiliza tofauti yake."

"Na watu wakisema Zege hana adabu?"

"Watasema lini ulikuwa nayo?" Sindano akauliza, na hapo tukacheka, na kile chumba kikapata hewa.

Mjukuu akaenda kumwomba seremala awashe jiko tena. Akarudi, akabonyeza mashine. Zege alipiga ngoma macho yamemtoka kama anayevuka barabara kubwa. Mdogo wangu akaanza chini kuliko zamani, bila haraka, akayapita maneno ya mama yetu yote mpaka mwisho. Akayarudia. Mara hii alipofika pale pa kupanda hakupanda mara moja, alisimama chini yake akatazama, ndivyo nilivyoona mimi, halafu akapanda yote. Haikupasuka. Tukaitikia *mlango sitaufunga*, akavuta pumzi ya kuingia tena, tukajiandaa, na kwa sauti ya kawaida, ile anayoniambia mimi chumvi imetosha, akasema, "Basi."

Sindano akaacha. Gitaa likaacha. Mikono ya Zege haikusikia haraka hivyo, ikapiga kidogo zaidi, halafu nayo ikaona aibu ikatulia.

Mjukuu wangu alisikiliza akiwa amekunja uso. Akasema anaweza kuliondoa hilo neno, na hizo ngoma za mwisho, hakuna atakayejua.

"Acha," mdogo wangu akasema. "Hapo ndipo nilipo."

Ukasambazwa siku ile ile, kabla friji halijawashwa. Mjukuu aliutuma kwa watu wa kibandani kwake, Sindano kwa wateja wake wa nguo, Zege kwa mafundi wenzake, na baada ya hapo hatukujua tena unakwenda wapi. Wengi walisifu. Wengine waliandika kulalamika: mmetutumia nusu, umekatika, tuma uliobaki. Mdogo wangu alisomewa hayo akiwa kitandani hospitalini, kabla hawajamwingiza. Akasema waambieni ndio huo.

Alitoka salama. Rovu liliondoka, na sauti ikawa kama daktari alivyosema. Iliyorudi ni nzito, ina mikwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Alikaa siku nyingi bila kuongea, si kwamba hakuweza. Alikuwa anajisikia mgeni. Akitaka maji anaonyesha kikombe.

Kisha simu yake ikalia tukiwa jikoni, akaipokea bila kufikiri.

"Shikamoo baba," mwanamke mmoja akasema, na kwa jinsi mdogo wangu anavyoongeza sauti ya simu yake hata mimi nilisikia. "Naomba kuongea na yule mama anayeimba wimbo wa mlango. Binti yangu anaolewa, ameapa bila huyo mama hatoki ndani."

Nikanyoosha mkono niichukue. Akanizuia kwa kiganja.

"Yule mama ameacha kuimba," akasema.

"Ooh. Jamani. Ameacha kabisa?"

Nikaona anameza mate, na kwamba kumeza hakumwumi tena.

"Sasa anaitikia. Atakayeimba ni mjukuu wake."

"Na anaweza, baba?"

"Mimi ndiye ninayemfundisha."

Akakata simu. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. "Baba," akaniambia kwa ile sauti ya kiti. "Dada, umesikia? Nimekuwa kaka yako." Tukacheka mpaka nikalazimika kukaa.

Halafu akamwita mjukuu, akaita kwa nguvu, mara ya kwanza tangu hospitali. Mtoto akaja na gitaa lake.

"Liweke chini hilo. Anza."

Mjukuu akaanza. *Nenda mwanangu nenda...*

"Usilivute neno hivyo, unamfukuza. Huyu unamtuma huku unamshika nguo. Tena."

Akaanza tena. Mdogo wangu akaitikia chini kabisa, huko Zege anakotamani kufika asifike, na mimi nikaitikia juu yake.