Shahidi wa Jilo

Buya ni domokaya tangu nimjue. Mwaka mmoja alikwenda Kau kununua mchele, akarudi anajiita nahodha. Mwaka uliofuata alilala siku mbili Kipini, akarudi fundi wa tanga. Nilimdharau, wala sikumficha.

Mwaka wa hamsini na saba serikali ilitafuta nyapara wa kivuko cha Garsen. Nilikuwa nimevuta kamba ya kivuko kile miaka tisa, na unyapara ule niliutaka kuliko kitu chochote. Karani Nzai akatangaza kwamba kila anayeutaka aje aeleze maisha yake ya kazi.

Sasa, sisi watu wa mtoni hatujisemei. Ukitaka mambo yako yajulikane, unakuja na shahidi aliyekuwapo, wewe unanyamaza, yeye anasema. Jambo langu kubwa lilikuwa la mafuriko. Nilisimama nyuma ya mtumbwi na upondo wa kusukumia, nikamvusha Mwanaarusi, mke wa askari, aliyeshikwa na uchungu, huku maji yakipita juu ya migomba. Mwanaarusi alikwisha kuhamia Bangale na mumewe. Mwingine aliyekuwamo ni Buya, akimwaga maji kwa kopo huku analia. Basi nikamchukua Buya.

Akaketi mbele ya karani, akakohoa, akayaeleza mafuriko vizuri kuliko yalivyokuwa. Upondo ulikuwapo, migomba ilikuwapo, mwanamke alikuwapo. Ila aliyesimama nyuma ya mtumbwi alikuwa yeye.

"Na huyu?" karani akauliza, akinionyesha kwa kalamu.

"Jilo alikuwapo. Yeye alimwaga maji. Alilia kidogo, lakini kazi alifanya."

Karani akanigeukia. "Ni kweli, Jilo?"

Neno moja lingetosha. Lakini nimkane shahidi niliyemleta kwa mkono wangu, kisha nianze kujipigia debe kama muuza dawa sokoni? Nilimtazama Buya, macho makavu, hata haya hana.

"Shahidi amekwisha kusema," nikajibu.

Karani akaandika jina la Buya penye nafasi ya nyapara. Mimi nikatoka nimenyoosha shingo, najiona mwenye adabu zangu. Upumbavu mtupu.

Siku hizi navuta kamba, naye anasimama juu na filimbi shingoni. Abiria wageni wakiniuliza mimi ni nani, hujibu yeye.