Maneno Ambayo Mama wa Filamu Hakuyasema

Kila Jumapili, jua likishakuwa kali kiasi cha kufukuza hata mbwa barabarani, Bunliang kinyozi aligeuza viti vyake viwili vya kunyolea vikatazamana na benchi la wateja, akatundika taulo mlangoni ili watu wajue leo hanyolewi mtu, kisha watu watatu wakaketi kuzungumza filamu. Hawakuzidi watatu kwa sababu wa nne hakuna aliyewahi kuwavumilia. Alikuwepo Bunliang mwenyewe, mpenzi wa filamu za ngumi. Alikuwepo Mwalimu Wilai, mstaafu, ambaye filamu isiyomliza aliihesabu kuwa imemwibia muda. Na alikuwepo Lamduan, muuza ndizi za kuchoma, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyezipenda zote, hata zile mbovu.

Sheria yao ilikuwa moja tu. Anayesimulia hushika glasi ya chai ya barafu, na mpaka barafu iyeyuke ni marufuku kumkatiza. Mji ule wa kando ya Mto Chi una joto la kupikia, kwa hiyo sheria haikumpa mtu nafasi kubwa ya kujisifu. Bunliang, ambaye ujanja ulimkaa kama nywele kwenye koti la kazi, alikuwa akijaza barafu mpaka juu.

"Mimi nimeona ile ya mzimu aliyeolewa na daktari wa meno," Wilai alianza Jumapili hiyo. "Jamani! Pale anapoyeyuka mbele ya kioo, nimelia mpaka jirani akaja kunipa pole, kadhani nimefiwa."

"Wewe si unalia hata kwenye tangazo la sabuni?"

"Barafu bado, Bunliang! Huoni?"

"Ninaona. Ninamsikitikia daktari tu. Kaoa mke asiye na meno."

Lamduan alicheka na kujilaza kwenye kiti cha kunyolea. Feni ilikuwa ikizunguka polepole juu yake, na katika vioo viwili vilivyotazamana aliwaona kina Wilai wengi, mmoja nyuma ya mwingine, wote wakimsimulia mzimu yuleyule. Alikuwa akiipenda saa hii kuliko zote za wiki. Usingizi ulikuwa ukimnyemelea, na filamu ya mtu mwingine ikimwingia kichwani taratibu mpaka asijue kama ameisikia au ameiota.

Sauti ya Wilai ndiyo iliyomzindua. "Halafu Lamduan, shoga, nina zawadi yako. Mpwa wangu wa Bangkok kanitumia ile filamu yako ya Kihindi, *Ng'ambo ya Mto*. Wameisafisha, inang'aa, na maandishi ya lugha yetu wameweka chini."

Lamduan aliketi wima.

Hakuna aliyekuwa haijui habari ya Lamduan na filamu hiyo. Akiwa na miaka kumi na minane alitoroka na dereva wa lori kwenda mji wa Korat. Mapenzi yale yalidumu miezi minane, kisha dereva akamwacha kituoni kama mzigo usio na mwenyewe. Lamduan akapanda basi akarudi mjini kwao, lakini nyumbani akaogopa kwenda. Mama yake, Kham mfumaji, hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Basi akakaa uwanja wa hekalu, ambako jioni hiyo gari la wauza dawa, wale waliokuwa wakionyesha filamu bure ili wauze chupa zao, lilikuwa limetundika kitambaa cha sinema. Kwa aibu akaketi upande wa nyuma wa kitambaa, peke yake kwenye nyasi, akaitazama filamu kinyumenyume: wapanda farasi wote wakitumia mkono wa kushoto, na mto ukitiririka upande usio wake. Ndipo mama wa kwenye filamu aliposimama ukingoni, nywele zikipepea, akamwita binti yake aliyevuka: "Lamduan moyo wangu, rudi. Mlango wa jikoni sifungi. Kama una njaa, wali upo kikapuni."

Ndiyo, mama yule alilitaja jina lake. Lamduan hakustaajabu, kwani katika filamu za siku zile majina ya watu wa mjini yalikuwa yakijitokeza, watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinuka akaenda, akausukuma mlango wa jikoni, ukafunguka. Mama yake akamsogezea kikapu cha wali, akasema, "Kula." Wakaishi pamoja miaka thelathini na mitatu mpaka Kham alipofariki, na jambo lile hawakulizungumza tena. Lamduan alibaki na sentensi ya mama wa Kihindi. Hiyo ndiyo aliyoitumia kujiaminisha kwamba alisamehewa, kwani nyingine hakuwa nayo.

Bunliang akawasha televisheni. Kweli filamu iling'aa. Wapanda farasi sasa walitumia mkono wa kulia, na Lamduan aliona kama amealikwa kwenye nyumba anayoifahamu lakini vyumba vimehamishwa. Mama akafika ukingoni. Nywele zikapepea, midomo ikafunguka, na maandishi yakatokea chini: "Mto umekuchukua. Mimi sina binti."

Basi. Mama akageuka akaenda zake.

"Rudisha nyuma," Lamduan alisema.

Bunliang akarudisha. Mto umekuchukua, mimi sina binti. Akarudisha tena.

"Na sisi wajinga," Bunliang alisema, akijaribu kucheka, "miaka yote hii hakuna aliyejiuliza mama wa Kihindi kaupata wapi wali wa kunata wa huku kwetu, tena kikapuni!"

"Nyamaza wewe," Wilai alimkemea. Akamshika Lamduan mkono. "Shoga, zile zilikuwa zama za Prasoet wa gari la dawa. Filamu ilikuja na lugha yake, yeye na maikrofoni yake anatia sauti zote, mama ni yeye, simbamarara ni yeye. Akichoka na hadithi anaweka yake. Nyati wa kulimia wa baba yangu alipopotea, Prasoet alimtangaza katikati ya filamu ya vita, jenerali ndiye aliyesema."

"Kwa hiyo alikuwa akinitania," Lamduan alisema. "Aliniona nimekaa kule nyuma, akanitania ili auze dawa ya minyoo."

Wenzake nao waliona hivyohivyo. Akachukua mwavuli wake akaondoka, ingawa zamu ya kusimulia ilikuwa yake. Usiku ule mama yake alimjia ndotoni akiwa ng'ambo ya mto, akisema kitu, na maandishi chini hayakutokea.

Asubuhi alifunga wali na samaki wa kuchoma akaenda hekaluni. Prasoet alikuwa amenyoa kichwa na kuvaa joho la njano miaka ishirini iliyopita. Sasa alikuwa mtawa wa miaka themanini, mkavu kama ukuni, na kiapo cha kutosema uongo kilikuwa kimembana kweli, maana wapishi wa mji mzima walijua kwamba hasifii chakula kibaya. Lamduan alipiga magoti. Mtawa akatandika kitambaa mbele yake, kwa kuwa kupokea kitu kutoka mkononi mwa mwanamke ni mwiko, naye akakiweka chakula juu yake.

"Baba Mtawa, nimekuja kuuliza habari za filamu."

"Filamu nilizinyoa pamoja na nywele, mama."

"Moja tu, Baba. Yule mama wa mtoni. Mimi ndiye Lamduan. Maneno yale uliyatoa wapi?"

Mzee akacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza Lamduan akaisikia ndani ya kicheko hicho sauti ile ya mama wa mtoni.

"Kumbe ulikuwepo. Mimi nilidhani umeshapanda basi." Akasogeza bakuli pembeni. "Siku ile, filamu iliposimamishwa ili tuuze dawa, mama mmoja alikuja nyuma ya gari. Hakununua hata chupa. Akasema, mimi ni Kham mfumaji, nina tangazo. Binti yangu Lamduan ameonekana kituo cha basi leo. Mtangaze kwa jina. Mwambie arudishe sketi yangu ya hariri aliyoondoka nayo. Ni yangu, nimeifuma miezi minne, hana haki nayo. Arudishe, halafu aende anakokwenda."

Uso wa Lamduan uliwaka. Aliyaona macho ya mama yake, na akaona aibu ya miaka arobaini na minne ikirudi kwa siku moja. Kumbe hata utani haukuwa. Lilikuwa dai.

"Hukulitangaza," alisema kwa taabu.

"Nilitaka kulitangaza. Nikamuuliza, mama, je, akiileta usiku umelala? Akaniambia, mlango wa jikoni sifungi. Nikamuuliza, tangu lini? Akasema, tangu aondoke. Kisha akageuka kama anayekwenda, akarudi, akasema, na kama ana njaa wali upo kikapuni, lakini sketi aje nayo! Alikuwa mkali, nusura anipige na kiatu."

Mtawa akapumzika. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Mimi Kihindi sikujua hata neno, mama. Kichina pia sikujua. Kazi yangu ilikuwa kutazama uso wa mtu anayesema, nikaseme anachosema. Nilimtazama mama yako vilevile. Nikarudi kwenye maikrofoni, nikasema alichosema." Kisha akauliza kama mtu aliyekaa na swali hilo muda mrefu: "Hivi ile sketi, ulimpelekea?"

"Hapana, Baba. Niliiuza Korat wiki ya pili. Yule bwana alitaka tairi."

"Naye alipokuona huna, aliidai?"

Lamduan alimwona mama yake jikoni mle, akiyatazama mafungu mawili ya nguo aliyokuja nayo, akiyatazama vizuri, kisha akisogeza kikapu. Akaziona sikukuu thelathini na tatu, Kham akienda hekaluni na sketi ya pamba, na majirani wakimuuliza, mfumaji wewe, hariri yako iko wapi, naye akiwajibu kwamba hariri inamwasha.

"Hata siku moja," alisema, na hapo ndipo alipolia, asubuhi kweupe, kwa sauti, mbele ya mzee asiyeruhusiwa hata kumshika bega.