Mstari Mmoja

Wifi yake muuza dawa aliingia dukani mbiombio, binti yake mgongoni, wala hakusalimia.

"Nipe dawa ya malaria, wifi. Huyu anachemka tangu jana."

Muuza dawa aliacha kupanga rafu. Kibonge, kama nyumba nzima ilivyomwita mtoto yule, siku nyingine angekuwa ameshapekua visanduku vyote vya kaunta. Leo kichwa kilimlalia mamaye begani, macho nusu wazi.

"Tumpime kwanza."

"Tumpime nini? Homa ya mwanangu nisiijue mimi?"

"Tone moja tu la damu. Bei yake haifiki hata ya soda."

"Ndiyo maana sikiamini hicho kipimo chenu. Rahisi huvunja upishi."

Lakini alikaa. Muuza dawa alimtoboa Kibonge kidole, akatia damu kwenye kijiplastiki chembamba cha kipimo, akaongeza matone ya dawa yake. Mtoto hakulia. Kibonge, anayelilia hata kitana!

Wakasubiri. Mstari wa kwanza ukatokea, mwekundu. Wa pili, ule wa malaria, haukuja.

"Hana malaria."

"Hana? Hebu mguse!"

"Nimemgusa. Homa anayo, ila si ya malaria."

"Basi kipimo kibovu."

Muuza dawa alikigeuza kipimo mkononi. Na kama ni kibovu kweli? Lile boksi la vipimo si lilisahaulika juani siku mzigo ulipofika? Akikosea, mama mkwe hatamsamehe mpaka kiyama. Akafungua boksi jipya, akapima tena. Mstari mmoja.

"Wifi, sikuuzii. Mpeleke hospitali."

"Huniuzii? Kwani duka ni hili peke yake?"

Aliinama ampandishe mtoto mgongoni, aende zake duka la ng'ambo, wanakouza bila kuuliza. Gauni la Kibonge likapanda. Hapo muuza dawa akaona: kila pumzi, mbavu zilididimia ndani kama zinavutwa na kamba, na pua zilitanuka.

Alipokurupuka kuzunguka kaunta, wifi yake alikuwa ameshavuka barabara. Akamfuata akikwepa pikipiki, akamkamata mkono mlangoni mwa duka lile, mbele za watu.

"Niache!"

"Mtazame kifua! Acha paji la uso, tazama kifua! Utampa vidonge, utamlaza, utangoja vifanye kazi. Yeye atangoja na pumzi gani?"

Wifi alimshusha mtoto, akamfunua, akatazama.

"Mungu wangu. Anapumuaje hivi?"

Wakapanda pikipiki, mtoto katikati yao. Hospitali, muuguzi aliwapokonya mtoto kabla hawajamaliza kueleza.

"Amepimwa malaria?" daktari aliuliza.

"Mara mbili. Hana."

"Vizuri, tusizunguke huko. Hii ni nimonia." Akaagiza oksijeni na sindano.

Wakabaki kwenye benchi. Mama mkwe alipiga simu, ikaita ikakatika, ikaita tena, na hakuna aliyethubutu kuipokea. Jioni muuguzi akatoka kuwaambia kwamba pumzi imetulia, ila mtoto atalazwa siku kadhaa.

Wifi alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Nimekutolea maneno makali mbele za watu."

"Ulikuwa na hofu."

"Wewe hukuwa nayo?"

"Mimi? Duka lenyewe nimeliacha wazi."

Wifi akamsogelea, akamwegemea begani. Simu ilipoita tena, aliipokea mwenyewe.

"Mama, ni kifua. Ngoja nikueleze alichofanya mkweo."