Punje na Maji Yasiyopiga Hodi

Mtaani walimwita Mama Cheche, kwa sababu alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha ya chuma, na kwa sababu hata akiweka mashine chini ulimi wake uliendelea kurusha cheche. Binti yake wa pekee, mwenye miaka minne na nusu, walimwita Punje.

Mwaka mmoja nyuma mto ulivunja kingo ukaingia nyumbani kwao mchana kweupe. Mama Cheche alikuwa karakana. Bibi yake Punje alimpandisha mtoto juu ya kabati, akasimama chini amemshika miguu, maji yakimfika kifuani, hadi majirani walipokuja na ngazi. Tangu siku hiyo Punje hakusema neno. Akitaka kitu alikionyesha kwa kidole. Akiona beseni lina maji alikakamaa kama ubao, kwa hiyo walimfuta mwili kwa kitambaa kibichi.

"Mtoto mpole huyu!" wageni walisifu.

"Si mpole," Mama Cheche aliwajibu. "Ameibiwa sauti."

Kisha likabandikwa tangazo ukutani karibu na karakana. Ghala la zamani limegeuzwa ukumbi wa sanaa. Picha hazitundikwi, zinarushwa kwa mwanga kwenye kuta zote na sakafuni, unatembea ndani yake. Kwenye tangazo palikuwa na maua makubwa kuliko watu. Punje aliyagusa, akakiacha kidole pale pale.

"Mtoto mwenye hofu humpeleki kwenye vyumba vya giza," bibi alionya. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Sasa nimfiche uvunguni mpaka aolewe, Mama?"

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Langu lina vumbi la chuma tu. Tunakwenda."

Wakaenda Jumamosi asubuhi. Chumba cha kwanza kilikuwa cha maua, na Punje alitembea akiinua miguu juu asiyakanyage. Cha pili kilijaa ndege wa manjano. Mmoja alitua kwenye gauni lake, akabana pumzi ili asimfukuze. Mama Cheche alianza kutabasamu. Kimoyomoyo alikuwa ameshapanga maneno ya kumringia mama yake.

Chumba cha tatu kilikuwa cha kahawia. Mngurumo ukasikika mahali fulani chini. Mara mstari wa maji ukaanza kupanda kwenye kuta: magotini, kiunoni. Tangazo halikusema lolote kuhusu maji.

Punje alikakamaa. Kisha akapiga yowe ambalo mama yake hakuwahi kulisikia. Watu wakageuka. Mama Cheche alimkumbatia akakimbilia mlangoni, lakini mtoto alirusha mateke, akamponyoka mikononi, akatua chini kwa miguu miwili. Puu!

Sakafu ile ilitengenezwa ihisi nyayo. Maji ya mwanga yalikimbia pande zote, yakaacha duara jeupe pale aliposimama.

Punje alilitazama duara. Akakanyaga tena, kwa nguvu. Maji yakarudi nyuma.

"Toka!" akasema.

Sauti ilikuwa nzito na yenye kutu.

"Toka kwetu! Hukupiga hodi!"

Msimamizi wa ukumbi, mwanamke mwenye redio ya mkononi, alifika haraka. "Samahani, mama. Mnyamazishe mtoto. Watu wamekuja hapa kutulia."

"Dada yangu, huyu amenyamaza mwaka mzima. Zamu yake imekwisha."

"Basi itabidi mtoke nje."

"Hatutoki. Mwite mkubwa wako, na mkubwa wa mkubwa wako. Wakija, wavue viatu wamsaidie."

Bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha aliguna kwamba amepotezewa raha, akaondoka. Mama Cheche hata hakumtazama. Alivua viatu vyake vya kazi, akashika mkono wa mwanawe, akakanyaga. Siku ile ya mafuriko hakuwapo nyumbani, na kwa mwaka mzima jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mfupa. Sasa aliutoa kwa sauti iliyozoea kushindana na msumeno wa chuma: "Toka! Ulinikosa siku ile, leo nipo!"

Redio ya msimamizi iliita. Aliitazama, akamtazama mtoto anayetokwa jasho, akaizima.

Baada ya dakika chache maji yalishuka, halafu yakaanza kupanda upya, kwa kuwa picha zilikuwa zikijirudia. Safari hii Punje aliyangojea, mikono kiunoni. Na mara ya tatu pia.

Walipotoka Mama Cheche alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mapokezi. "Andikeni mlangoni kwamba ndani kuna maji yanayopanda. Mwingine ataingia na mtoto wake hajui."

"Lakini mama, si maji, ni mwanga," alisema mtu wa mapokezi.

"Mwambie hivyo aliyezama."

Alichukua karatasi, akaandika mwenyewe kwa kalamu nene anayotumia kuwekea alama vyuma, akaibandika mlangoni. Mtu wa mapokezi alinyoosha mkono kuibandua. "Iache," alisema msimamizi kutoka nyuma yao. "Iko sahihi."

Nyumbani bibi alikuwa akichambua mchele. Mama Cheche alifungua kinywa akiri kwamba chumba kimoja kilikuwa kibaya kweli, na kwamba alionywa. Punje akamtangulia, sauti imekwaruza.

"Bibi, nimeyafukuza maji."

Ungo ulimponyoka bibi. Hakuuokota. Alimvuta mjukuu kifuani.

"Yote?" akauliza.

"Yamebaki kidogo."

Bibi alijifuta macho kwa pindo la khanga, akamgeukia binti yake. "Maonyesho hayo yanafungwa lini?"

"Wiki ijayo. Kwa nini?"

"Nipeleke. Na mimi nina maneno yangu ya kuyaambia maji hayo."